Maswali ya Wasomaji: Maktaba ya Asiyeona na Maktaba ya Kiziwi Asiyeona

SWALI: Shikamoo, Mjibu wa Maswali. Mimi ni mkazi wa Igoma, jijini Mwanza, na ninaandika kwa ajili ya watu wawili wa nyumbani kwetu. Wa kwanza ni mdogo wangu wa kiume ambaye haoni kabisa tangu akiwa shule ya msingi. Anajua nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole) vizuri, anatumia simu janja kwa sauti, na sasa yuko mwaka wa pili wa chuo. Wa pili ni binamu yetu wa Nansio, Ukerewe, aliyekuwa mvuvi. Amezaliwa kiziwi na anatumia lugha ya alama, lakini miaka hii ya karibuni macho yake yanafifia: usiku haoni kitu, na mchana anaona kilicho mbele yake tu, kana kwamba anachungulia ndani ya bomba. Daktari ametuambia hali hiyo haitarudi nyuma. Mjomba wetu anayeishi ughaibuni ametutumia orodha ya maktaba za wasioona za Marekani, Uingereza na Sweden, akatushauri tuchague iliyo bora na kuwasajili wote wawili. Moja kati ya hizo ina vitabu zaidi ya milioni. Je, tuchague hiyo? — Dada Mkubwa, Igoma.

JIBU: Marahaba, Dada Mkubwa. Ushauri wangu ni kwamba msichague kwa wingi wa vitabu, na msiwatafutie ndugu zenu hawa wawili maktaba moja. Orodha nyingi za namna hiyo huwaweka wasioona na viziwi wasioona kwenye fungu moja, kwa sababu wote hawawezi kusoma kitabu cha kawaida cha karatasi, kisha zikashindana kwa kutaja idadi. Idadi hiyo haikuambii mambo matatu ambayo ndiyo hasa mnapaswa kuyajua: iwapo mtu aliye Mwanza anaruhusiwa kujiunga, kitabu kitamfikia katika umbo gani, na kama kuna chochote cha Kiswahili ndani yake.

Tuanze na ruhusa ya kujiunga, kwa kuwa hapo ndipo orodha ya mjomba itakapopungua haraka. Huduma ya wasioona ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayojulikana kwa kifupi NLS, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1931 na ni kongwe na ya kuheshimika. Huazima vitabu vya sauti pamoja na mashine za kuvisikilizia, huazima vitabu vya nukta nundu, na msomaji hatozwi gharama ya posta. Lakini ni ya wakazi wa Marekani na raia wake walio nje ya nchi. Maktaba ya shirika la wasioona la Uingereza, RNIB, ambayo imekuwa ikitoa vitabu vya sauti tangu mwaka 1935, ni ya wakazi wa Uingereza. Huduma ya Sweden, iliyo chini ya wakala wa serikali uitwao MTM, nayo ni ya watu wa huko. Kwa hiyo hizo tatu mnaweza kuzifuta kwenye orodha kama sehemu za kujisajili ninyi wenyewe, ingawa nitazirudia kidogo baadaye, kwa sababu zina jambo la kutufundisha kuhusu binamu yenu.

Inayobaki ni hiyo yenye zaidi ya vitabu milioni moja, ambayo bila shaka ni Bookshare, inayoendeshwa tangu mwaka 2002 na shirika lisilo la kibiashara la Benetech la California. Hii hupokea wanachama kutoka nchi nyingi nje ya Marekani. Mwombaji anatakiwa kuwasilisha uthibitisho wa ulemavu wake kutoka kwa mtaalamu, kwa mfano daktari wa macho au mwalimu wa elimu maalumu, na ada hutegemea nchi anayotoka. Jueni pia kwamba si kila kitabu kilichomo humo kinafunguka katika kila nchi, kwa sababu baadhi ya wachapishaji wametoa ruhusa kwa maeneo fulani tu, na kwamba vitabu vya Kiswahili ni vichache mno ukilinganisha na vya Kiingereza.

Ipo njia nyingine ambayo orodha ya mjomba haikuitaja, nayo ndiyo ninayoithamini zaidi kwa muda mrefu ujao. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Haki Miliki (WIPO) zilipitisha mkataba unaoruhusu vitabu kutengenezwa katika umbo linalosomeka na wasioona, na kuvushwa mipaka, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kwa kila kitabu. Ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa letu zimejiunga: Kenya mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania mwaka 2020. Marekani imo tangu mwaka 2019. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na taasisi inayotambulika, kama vile maktaba, chuo au chama cha wasioona. Hivyo NLS isiyoweza kumsajili mdogo wako inaweza kuipatia nakala taasisi ya Tanzania, na taasisi hiyo ikampa yeye. WIPO pia ina huduma ya kubadilishana vitabu iliyoanza mwaka 2014, ambayo taasisi hujiunga nayo bure na kuchagua vitabu kutoka maktaba za nchi nyingi.

Sasa mdogo wako. Kwake yeye ninapendekeza Bookshare kwa matumizi ya kila siku, na wakati huohuo aende kwa mkutubi wa chuo chake, si kwa maneno ya mdomo tu bali kwa barua, akiomba chuo kijiunge na huduma hiyo ya WIPO kama taasisi. Barua ina faida kwamba hubaki kwenye faili na itahitaji kujibiwa.

Umbo la kitabu lina uzito mkubwa kwa mwanafunzi. Msomaji wa riwaya anaweza kuridhika na rekodi moja ndefu inayotiririka kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mwanafunzi hawezi. Mhadhiri akisema wafungue sura ya nne, ukurasa wa 143, wenzake watafika hapo kwa kufunua karatasi, ilhali mwenye rekodi ya sauti isiyo na alama za ndani atakuwa anasogeza mbele na nyuma huku somo likiendelea. Ndiyo maana vyama na maktaba za wasioona ziliungana mwaka 1996 kusimamia muundo wa DAISY, ambao humwezesha msomaji kuruka kutoka sura hadi sura, kifungu hadi kifungu, na ukurasa hadi ukurasa. Kitabu cha kielektroniki cha muundo wa EPUB kilichotengenezwa vizuri hufanya kazi hiyohiyo. Akipewa hiari kati ya kitabu cha sauti ya binadamu na kitabu cha maandishi kinachosomwa na simu, kwa masomo achukue cha maandishi. Ataweza kusimama kwenye neno na kusikia herufi zake moja moja, jambo ambalo ni la lazima anapokutana na jina la mtaalamu wa kigeni atakalotakiwa kuliandika kwenye mtihani.

Kuna na suala la bando, ambalo waandishi wa orodha zile hawalijui kwa kuwa huko kwao si tatizo. Kitabu cha sauti cha saa kumi, kikirekodiwa kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 64 kwa sekunde, kinakaribia megabaiti 290. Kitabu hichohicho kikiwa maandishi matupu hakifiki hata megabaiti moja. Mwanafunzi anayenunua bando la siku ataona tofauti hiyo mfukoni kabla hajaiona kwenye masomo.

Kuhusu Kiswahili, simu za Android zina sauti ya Kiswahili inayoweza kupakuliwa, na kwenye kompyuta ipo programu ya bure ya kusoma skrini iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo huja na sauti inayosoma Kiswahili pia. Sauti hiyo ya kompyuta ni kavu, lakini kwa kuwa tahajia yetu hufuata matamshi, makosa yake ni machache. Ahakikishe tu kwamba amebadilisha lugha ya sauti anapofungua kitabu cha Kiswahili, maana sauti ya Kiingereza ikiachiwa kukisoma, atasikia maneno ambayo hata mwandishi wake asingeyatambua.

Binamu yenu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Sehemu kubwa ya hazina ya maktaba za wasioona duniani ni sauti. Kwa mtu aliyezaliwa kiziwi, hiyo yote ni rafu tupu. Wapo viziwi wasioona waliobakiwa na usikivu kiasi, na NLS huwaazima mashine yenye sauti kubwa kuliko ya kawaida kwa maombi maalumu. Lakini kwa maelezo yako binamu hayumo katika kundi hilo. Hata namna ya kuomba kitabu humfungia nje: maktaba inayotangaza kuwa inahudumia wanachama wake kwa simu ya bure, kwake haijatangaza kitu. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu wa kundi hili ni kati ya asilimia 0.2 na asilimia 2 ya watu wote, idadi ambayo si ndogo hata kwa kadirio la chini. Ila wametawanyika, mmoja Nansio, mwingine Sengerema, na mara nyingi majirani hudhani ni kiziwi tu mwenye kujikwaa.

Maelezo uliyotoa, yaani uziwi wa tangu kuzaliwa, kutoona usiku, kisha eneo la kuona kupungua kutoka pembeni kuja katikati, yanafanana na hali iitwayo Usher, ingawa kuitaja kwa hakika ni kazi ya daktari wake. Nimeigusa kwa sababu ina matokeo kwenye usomaji. Watu wengi wenye nia njema humletea mtu wa namna hii kitabu cha herufi kubwa, pointi 18 na kuendelea, wakidhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Ushauri huo unamfaa mwenye uoni hafifu wa aina nyingine. Aliyebakiwa na eneo dogo la katikati, herufi zikiwa kubwa sana ataona silabi moja kwa wakati mmoja na kupoteza mstari. Huyo mara nyingi husoma vizuri zaidi kwa herufi za ukubwa wa wastani, zilizo nene, zenye rangi inayotofautiana sana na karatasi, chini ya mwanga mzuri usiomwakia machoni. Mjaribuni kwa kurasa zilizochapwa kwa ukubwa mbalimbali, na yeye mwenyewe aoneshe ipi anaiweza. Gharama yake ni karatasi chache pale kwenye duka la kuchapa.

Hata hivyo, kama daktari amesema hali haitarudi nyuma, nukta nundu ndiyo njia ya kusoma itakayobaki kwake, na aanze kujifunza sasa angali anaona mikono ya mkalimani. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika humu. Leo mwalimu anaweza kumwonesha kwa alama kwamba nukta ya kwanza peke yake ni herufi a, na nukta ya kwanza na ya pili ni b, naye akaona na kugusa kwa pamoja. Akisubiri hadi macho yafunge, kila maelezo yatalazimika kupita kwa lugha ya alama ya kushikana mikono, ambayo nayo inabidi ajifunze, na kazi itakuwa mara mbili. Katika wilaya ya Misungwi iko Shule ya Msingi Mitindo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipokea watoto wenye ualbino na wasioona, na walimu wa shule za namna hiyo ndio ambao ningewafuata kwanza kuulizia anayeweza kufundisha mtu mzima wakati wa likizo. Chama cha Wasioona Tanzania (TLB) nacho kiulizwe. Mwalimu wa nukta nundu asiyejua lugha ya alama atahitaji mkalimani pembeni yake, na gharama ya mkalimani huyo muipange mapema.

Msishangae ikiwa majuma ya mwanzo hatahisi tofauti ya nukta. Ngozi ya ncha za vidole vya mtu aliyevuta nyavu na kamba kwa miaka mingi hukakamaa. Ajaribu vidole vyote, ikiwemo vya mkono asioutumia sana, achague chenye hisia kali, na aanze na mistari iliyoachana kwa nafasi. Asikandamize, kidole kinapaswa kupita juu ya nukta kikielea, kwa sababu kukandamiza hufanya nukta sita zihisike kama doa moja.

Jambo la pili ambalo maktaba nyingi husahau ni lugha. Lugha ya kwanza ya binamu yenu ni Lugha ya Alama, na Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili aliyojifunza kwa macho, pengine kwa miaka michache ya shule. Kumpa riwaya nene ya Kiswahili kama kitabu cha kwanza cha nukta nundu ni kumkatisha tamaa kwa mambo mawili kwa pamoja. Aanze na hadithi fupi zenye sentensi fupi. Mkusanyiko wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zilizotolewa kwa leseni huria, maana yake mnaruhusiwa kuzigeuza kuwa nukta nundu bila hofu yoyote ya hakimiliki. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watoto, hivyo mchagulieni zinazomheshimu mtu mzima: za mavuno, za safari, za biashara. Na sijui kitu kinachomfundisha mtu mzima kusoma haraka kuliko barua kutoka kwa ndugu zake. Mdogo wako anajua nukta nundu, basi amwandikie.

Kisha swali la karatasi au mashine. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una mistari 25 yenye nafasi 40 kila mmoja, yaani herufi 1,000 pamoja na nafasi za kati. Kitabu cha kurasa 150 za kuchapa, zenye herufi 2,000 kila moja, kitakuwa si chini ya kurasa 300 za karatasi nene, zilizofungwa katika juzuu tatu au nne. Hizo zipakiwe kwenye meli kwenda Nansio, zirudishwe, zipakiwe nyingine. Faili la kitabu hichohicho lina kilobaiti 300 hivi na linaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu pamoja na mamia ya vingine. Faili hilo husomwa kwa mashine yenye safu ya nukta zinazopanda na kushuka, ambapo msomaji akimaliza mstari hubonyeza kitufe na nukta zinajipanga upya. Mashine ya aina hiyo iliyosambaa zaidi katika ukanda wetu ni Orbit Reader 20, yenye nafasi 20 za herufi, ambayo shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa lenye makao Nairobi limekuwa likiigawa katika shule za Afrika Mashariki. Ulizeni kwao kuhusu utaratibu.

Thamani ya mashine hiyo kwa kiziwi asiyeona inazidi kitabu. Huunganishwa na simu kwa bluetooth, na ujumbe unaoingia kwenye simu hutokea chini ya kidole. Dada aliye Igoma anaandika ujumbe, binamu aliye Nansio anausoma bila mtu wa kati na anajibu kwa vitufe vya nukta nundu vilivyo kwenye mashine. Kwa mdogo wako simu janja na maktaba nzuri vinatosha. Kwa binamu, mashine na mtu wa kumfundisha kuitumia vinatangulia, na maktaba inafuata.

Hapo ndipo ninapozirudia zile nchi za mjomba. Marekani wanao mpango wa kitaifa uitwao iCanConnect, ulio chini ya tume yao ya mawasiliano, unaowapa viziwi wasioona wenye kipato kidogo vifaa vya mawasiliano na mtu wa kuwafundisha nyumbani kwao. NLS nayo huazima wanachama wake mashine za nukta nundu. Sweden, MTM huchapa nukta nundu kwa oda ya msomaji. Mkitaka kulinganisha huduma, basi linganisheni kwa hayo: kifaa, mwalimu, na uwezo wa kuagiza kitabu ukitakacho wewe. Bookshare yenye vitabu milioni inawapita kwa mbali washindani wake kwa mahitaji ya mdogo wako, lakini kwa kipimo hicho, kwa binamu yenu bado haijaanza kuwa na maana. Akishaiweza nukta nundu na akapata mashine, msajilini. Bookshare hutoa mafaili ya nukta nundu pia. Mnapopakua kitabu cha Kiswahili, hakikisheni kimeandikwa herufi kwa herufi, bila ule ufupisho wa Kiingereza unaofanya alama moja kusimama badala ya herufi kadhaa, maana ufupisho huo ukiingizwa katika Kiswahili huzaa maneno yasiyosomeka.

Hadithi mtakazozipata kama maandishi ya kawaida mnaweza kuzigeuza wenyewe kwa programu ya bure ya BrailleBlaster, kazi ambayo mdogo wako, kwa kompyuta yake yenye NVDA, anaweza kuimaliza katika jioni moja.

SWALI: Ndugu Mjibu, mimi ni mwalimu wa wilaya ya Misungwi. Shirika moja la nje limeahidi kututumia vitabu vya nukta nundu kwa posta. Je, tutalipia? Na tuvitunzeje? Vya mwanzo tulivyowahi kupata vililala nukta ndani ya muda mfupi. — Mwalimu.

JIBU: Mwalimu, Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unavisamehe ada ya posta vitu vya wasioona vinavyotumwa na au kwenda kwa taasisi ya wasioona au mtu asiyeona, visivyozidi kilo 7 kwa kifurushi, kinachoweza kutozwa ni nyongeza ya usafiri wa ndege. Mwambieni mtumaji agawe vitabu katika vifurushi vya uzito huo, aweke alama ya vitu vya wasioona inayotambulika kimataifa, na afunge kwa namna ambayo afisa anaweza kufungua na kukagua. Msamaha huu hutegemea pia kama posta ya nchi ya mtumaji inautoa kwa wananchi wake, kwa hiyo swali hilo aulize yeye kwanza kabla ya kufunga mzigo.

Kuhusu nukta kulala, ninashuku vitabu vilirundikwa vikiwa vimelazwa. Kitabu cha nukta nundu husimamishwa wima, kwa nafasi inayoruhusu kukitoa bila kukivuta kwa nguvu, wala kisilazwe kingine juu yake. Uzito wa juzuu tano au sita unatosha kubonyeza nukta za ile ya chini. Unyevu nao hulegeza karatasi, hivyo rafu isigusane na ukuta wa nje na isiwe sakafuni, hasa msimu wa masika. Wanafunzi wanawe mikono na kuikausha vizuri kabla ya kusoma; mafuta ya dagaa wa mchana yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, na ukurasa wenye mafuta hukusanya vumbi mpaka kidole kinakwama. Kitabu kilicholala nukta zake hakifufuki. Mpatieni mwanafunzi anayesoma vizuri zaidi akikague ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zilizokufa zichapwe upya kwa Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, kama mnayo.

SWALI: Mheshimiwa, nipo Bukoba na ninamsomesha baba yangu asiyeona. Nimekuwa nikipiga picha kurasa za vitabu vyangu kwa simu ili simu imsomee, lakini mara nyingi haisomi kitu. Tena rafiki yangu ananiambia ninavunja sheria. — Msomaji, Bukoba.

JIBU: Haisomi kwa sababu picha ya ukurasa, hata ikihifadhiwa kama PDF, kwa simu ni picha tu kama ya sura ya mtu. Inabidi kwanza ipitishwe kwenye programu inayotambua herufi na kuzigeuza kuwa maandishi. Simu nyingi za sasa zina uwezo huo. Bana kitabu kifunguke bapa, piga picha mchana karibu na dirisha bila kivuli cha mkono wako, ukurasa mmoja kwa picha moja, na uchague Kiswahili kama lugha ya kutambua ikiwa programu inakupa nafasi hiyo. Kisha upitie kwa macho yako mwenyewe kabla ya kumpa mzee, hasa tarakimu na majina ya watu.

Kuhusu sheria, Mkataba wa Marrakesh unazipa nchi nafasi ya kumruhusu asiyeona mwenyewe, au anayemtunza, kutengeneza nakala inayosomeka kwa matumizi yake binafsi kutoka kwa kitabu alichokipata kihalali. Masharti ya hapa nchini yamo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na marekebisho yake, na ofisi ya hakimiliki ya nchi, COSOTA, ndiyo ya kuulizwa ukitaka jibu la maandishi. Kumsomea baba yako kitabu ulichonunua ni jambo moja. Kukisambaza kitabu hicho kwenye kundi la WhatsApp ni jambo lingine, na hilo usilifanye. Endapo wapo wazee wengine mtaani wanaokihitaji, ipelekeni orodha yenu maktaba ya mkoa na kuomba nakala itengenezwe na taasisi.